Tarehe za Mji na Wajibu wa Watangazaji

Ndugu wanachama,

Wahenga walisema ya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi makarani twalijua neno hili kuliko wengi, maana ndilo msingi wa kazi itupayo riziki. Leo napenda kulitumia kwa mali isiyo fedha wala bidhaa, nayo ni tarehe za mji wa Dar es Salaam, na jinsi zitajwavyo na watangazaji wetu wa redio.

Redio si mgeni katika mji huu. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kusikika mwaka 1951. Mwaka 1956 likaja Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, chini ya Serikali. Na tangu miaka ya 1990 zimeongezeka stesheni za watu binafsi. Mara nyingi asubuhi mtangazaji husema, “Siku kama ya leo,” kisha hutaja jambo lililotukia zamani. Desturi hiyo ni njema, wala siilaumu. Ninalolalamikia ni jinsi tarehe zinavyochaguliwa, na jinsi zisivyochunguzwa.

Tazameni tarehe 7 Julai. Vijana wengi huijua Sabasaba kuwa ni siku ya maonyesho ya biashara, basi. Ni wangapi waliopata kuelezwa ya kwamba jina hilo latokana na siku ya saba ya mwezi wa saba, mwaka 1954, TANU ilipoundwa katika mji huu huu? Jina limebaki, maana yake yatoweka.

Tazameni tena tarehe 10 Desemba. Dar es Salaam, iliyokuwa manispaa tangu mwaka 1949, ilipewa hadhi ya jiji tarehe 10 Desemba 1961, yaani siku ya pili yake baada ya Uhuru. Kwa kuwa sherehe za tarehe 9 ni kubwa, siku ya mji humezwa kila mwaka. Na hapo pana jambo lingine limpasalo mtangazaji kulieleza. Mwezi wa Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ya zamani ilivunjwa, na iliyokuwa Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa. Walakini redioni wote twaitwa wakazi wa jiji. Karani apokeaye barua iliyoandikiwa halmashauri isiyo yake ajua taabu ya neno kutumiwa ovyo.

Kisha kuna siku zisizo na sherehe kabisa. Septemba 1947 wafanya kazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma kwa ajili ya mishahara, na mgomo ukaenea mpaka miji mingine. Watu hao waliubeba mji huu mabegani, gunia kwa gunia. Tukikumbuka siku za wenye vyeo tu, tutawafundisha watoto ya kwamba mji hujengwa kwa hotuba.

Labda mtu atasema wasikilizaji hupenda muziki na mpira, hawataki historia. Nami najibu: jambo hili lataka dakika moja tu, na muziki utaendelea. Hatari kubwa ni dakika hiyo kujazwa uongo. Katika faili kosa hukatwa kwa wino mwekundu, na aliyelisahihisha hutia sahihi yake pembeni. Bali neno lililokwisha kuruka hewani halina pembeni pa kutia sahihi. Ndiyo maana, mathalani, kuhusu kuanzishwa kwa mji wetu na Sultani Majid, ni heri kusema “katika miaka ya 1860” kuliko kubuni siku ili kipindi kipendeze.

Kwa hiyo naona yafaa kila stesheni iwe na daftari la tarehe za mji, na mbele ya kila tarehe iandikwe ilikotoka: gazeti, tangazo la Serikali, au kumbukumbu za mkutano. Likitokea kosa, lisahihishwe katika kipindi kile kile, saa ile ile, ili aliyesikia kosa asikie na sahihisho.

Lakini tusiwatupie watangazaji mzigo wote. Ni nani akaaye na majalada? Ni sisi. Ni nani ajuaye ni rafu ipi imeingia mchwa? Ni sisi pia. Kila mwanachama, kwa ruhusa ya mkuu wake, atafute tarehe moja tu iliyo wazi kwa umma, ainakili sawasawa, aipeleke redioni pamoja na ushahidi wake. Tukinyamaza, tusije kushangaa wajukuu wetu wakiuliza mji huu ulizaliwa lini, na jibu likakosekana hata kwa makarani wake.

Wenu katika kazi,
Karani wa Masjala