Fundi Aliyekwambia Uzime Kinga

"Dokta, tasnifu yangu haifunguki." Hivyo ndivyo alivyoanza mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili, zikiwa zimebaki wiki tatu kabla ya siku ya kuwasilisha. Nilidhani ni kisingizio. Miaka ya kufundisha humfanya mtu awe mgumu wa kuamini. Akawasha kompyuta yake. Kila faili, kuanzia sura za tasnifu hadi picha za harusi ya dada yake, lilikuwa limeongezewa herufi nne ngeni mwishoni mwa jina. Kando yake palikuwa na barua fupi ya Kiingereza: lipa dola 980 urudishiwe mali yako, ukiwahi ndani ya saa 72, utapunguziwa nusu, dola 490.

Nilimwuliza alikuwa ameweka nini kwenye mashine ile. Alisita, kisha akasema: programu ya kuchanganua takwimu, ile ambayo sisi wenyewe tuliwaagiza waitumie. Leseni yake hawezi kuinunua hata akikusanya posho ya mwaka mzima, kwa hiyo akapakua iliyovunjwa kufuli. Maelekezo yaliyoambatana nayo yalikuwa wazi: kwanza zima kinga ya virusi, la sivyo programu haitakubali. Akaizima. Fundi wa mtaani kwao alikuwa ameshamwambia vivyo hivyo siku alipomwekea Windows.

Wanaofuatilia mambo haya wanaifahamu familia ya virusi iitwayo STOP, au Djvu. Kwa miaka mingi imekuwa ikisambaa hasa kwa njia hii, ndani ya programu za wizi, na inawalenga watu wa kawaida majumbani. Mwaka 2019 wataalamu walitoa zana ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa na matoleo yake ya awali; toleo lililompata kijana huyu halimo. Nakala yake ya akiba ilikuwa kwenye flashi, na flashi ilikuwa imechomekwa kwenye kompyuta ileile. Nayo ikafungwa. Tulichookoa ni sura tatu alizokuwa amenitumia kwa barua pepe.

Lakini si sura zilizoninyima usingizi. Utafiti wake ulihusu wajane na mirathi. Wanawake wale walizungumza mbele ya kinasa sauti kwa sababu waliahidiwa, kwa maandishi, kwamba hakuna atakayezisikia sauti zao isipokuwa mtafiti na msimamizi wake. Msimamizi ni mimi. Fomu ile ya maadili ina sahihi yangu. Virusi vya familia hii vimewahi kuja vimebeba na programu za kijasusi, zinazokusanya nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na kuzituma kusikojulikana. Jambazi anayekufungia mafaili angalau anakuandikia barua. Jasusi haandiki. Anaweza kukaa mwaka mzima sebuleni kwako, akisoma barua pepe zako, nawe ukalalamika tu kwamba kompyuta imekuwa nzito.

Sasa tazama jinsi tunavyolizungumzia jambo hili. Tunaandaa semina hotelini, mtoa mada anasoma slaidi: usibofye viungo usivyovijua, nunua programu ya kuzuia virusi, kuwa makini. Kisha chakula cha mchana. Ushauri wenyewe si mbaya. Ubaya wake ni kwamba unamtwisha mtumiaji lawama yote, na unapita mbali na mlango ulio wazi.

Mlango huo ni masasisho. Virusi vya WannaCry vilipolipuka tarehe 12 Mei 2017, vikakumba zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kuvuruga hospitali za Uingereza, dawa yake ilikuwa imeshatolewa na Microsoft tangu tarehe 14 Machi, takriban miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakusasisha. Kwetu mtu hasasishi kwa sababu mbili, na zote zina mantiki. Sasisho moja kubwa linaweza kumeza gigabaiti kadhaa, naye amenunua bando la wiki. Tena Windows yake ni ya wizi, na fundi amezima masasisho makusudi ili isije ikaumbuka. Mtu huyu si mjinga. Amepiga hesabu kwa pesa aliyo nayo.

Na hali inazidi kuwa ngumu. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali kompyuta nyingi za mitumba tunazouziana hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine hizo zingeweza kuishi miaka mingine mingi kwa mfumo wa bure kama Linux Mint. Nani amewafundisha wenye nazo?

Kwa hiyo ninasema hivi. Chuo kisimwagize mwanafunzi programu ambayo hakijamnunulia leseni. Zipo za bure na halali: R kwa takwimu, LibreOffice kwa uandishi. Tunamfukuza chuo mtu aliyenakili aya mbili, kisha tunampa kazi ambayo hawezi kuimaliza bila kuiba. Huo ni unafiki, nami sijitoi. Ya kwangu ya enzi za udaktari sikuinunua. Pili, masasisho ya usalama yasikatwe kwenye bando. Kampuni za simu zinajua kutoa mitandao ya kijamii bure zinapotafuta wateja. Mamlaka inayozisimamia izitake zifanye hivyo kwa jambo lenye maana. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015, inatumika kuwashtaki watu, lakini haijapata kufungua faili hata moja lililofungwa.

Nyumbani kwako, wakati tukisubiri, usiizime kinga iliyomo ndani ya Windows yenyewe; ikisasishwa, inawatosha wengi wetu, na huna haja ya kununua nyingine. Watoto wafungulie akaunti isiyo na mamlaka ya kuweka programu. Nakala za akiba ziweke kwenye diski ya nje, ukimaliza kunakili ichomoe, uifungie kabatini.

Pendekezo la kuhamia R nimeliwasilisha idarani. Mwenzangu mmoja amelipinga, akisema wanafunzi wameshaizoea ile ya zamani. Nilimwomba anitajie mwanafunzi mmoja tu aliyeinunua. Bado ninasubiri jibu, na kijana wangu amerudi kijijini kuwaeleza wale wajane kilichozipata sauti zao.