Jina la bibi lisimwondoe baba

SIFA zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo.

Ndugu Waislamu, si mara moja wala mbili tumeitwa kusuluhisha ugomvi katika nyumba za Mwananyamala siku ambayo ilipasa kuwa ya furaha. Ni siku ya saba. Mbuzi wa akika amefungwa uani, wageni wamekwisha kukaa jamvini, lakini mtoto wa kike aliyezaliwa hana jina. Bibi mzaa baba anataka aitwe Mwanahamisi, jina la marehemu mama yake. Bibi mzaa mama anataka aitwe Zainabu, ili naye apate somo kabla hajafariki. Mwishowe hupatikana suluhu ya haraka: aandikwe majina yote mawili, kisha lifuate la baba. Hapo huzuka ugomvi wa pili: lipi litangulie, na lipi likae katikati?

Kwanza tuseme wazi kuwa kumpa mtoto jina la mzee wake si kosa. Mtume (s.a.w.) alipozaliwa mwanawe alimwita Ibrahim, jina la babu yake, Nabii Ibrahim (a.s.). Wala si lazima jina liwe la Kiarabu ndipo liwe la Kiislamu. Majina ya wazee wetu wa pwani, kama Mwanahamisi, Mwanajuma na Mwanaidi, hayana ila. Linalotakiwa ni maana njema. Mtume (s.a.w.) alimbadilisha jina binti aliyeitwa kwa neno lenye maana ya uasi, akamwita Jamila.

Kosa linaingia pale majina mawili ya mtoto yanapoichukua nafasi isiyo yao. Katika nchi yetu mtu hujulikana kwa majina matatu: lake, la baba na la babu. Jina la pili husomwa kuwa ni la baba. Mtoto akiandikwa Zainabu Mwanahamisi Ramadhani, babu ameondoka kabisa, na baba amesukumwa kwenye nafasi ya babu. Shuleni mwalimu atadhani baba yake ni Mwanahamisi. Madrasa ataandikwa Zainabu Ramadhani, kwa kuwa ndivyo anavyoitwa mtaani. Akifika umri wa kitambulisho cha taifa, au siku anayotaka pasi ya kwenda Hija, cheti cha kuzaliwa kinasema hivi na cha shule kinasema vile. Ataanza kuhangaika na viapo na hati za kubadili majina, kwa sababu ya suluhu iliyofanywa haraka ili wageni wale wali.

Lakini usumbufu wa karatasi ni jambo dogo. Kubwa zaidi ni nasaba. Allah (s.w.) ameamrisha katika Surat Al-Ahzab, aya ya 5, kwamba watu waitwe kwa baba zao, na kwamba huo ndio uadilifu mbele Yake. Zaid bin Haritha (r.a.) alilelewa na Mtume (s.a.w.) kwa mapenzi makubwa hata watu wakamwita Zaid bin Muhammad. Amri iliposhuka alirudishiwa jina la baba yake mzazi. Ikiwa jina la mbora wa viumbe halikuruhusiwa kukaa mahali pa Haritha, jina la nani litaruhusiwa?

Sababu yake inaonekana hapa hapa jijini. Baba mmoja aweza kuwa na watoto Mwananyamala, wengine Temeke na wengine Mbagala, kwa mama tofauti, na watoto hao wasijuane. Baba akifa, mirathi huulizwa kwa nasaba. Kijana akija kuposa, walii na sheikh huuliza: huyu ni binti wa nani, na babu yake nani? Jina la baba na la babu likiwa mahali pake, swali hilo lina jibu. Likiondolewa, hatari ya ndugu kuoana si hadithi ya kutunga.

Kwa msingi huo huo tunawakumbusha wale wanaolea mayatima au watoto wa ndugu zao. Malezi hayo yana ujira mkubwa, lakini mjomba asijiandike kuwa baba. Mpe chakula, mpe elimu, muusie sehemu ya mali yako kwa mujibu wa sharia, na umwachie jina la baba yake. Na ambaye baba yake hajulikani, aya hiyo hiyo imemtambua kuwa ni ndugu yetu katika dini. Asidharauliwe, na asibandikwe nasaba ya uongo.

Tena kuna mtindo wa binti kuolewa na siku ya pili kulifuta jina la baba na kuweka la mume. Wapo wanazuoni wanaosema kuwa likiwa ni la utambulisho tu, na nasaba haikukanushwa, si haramu. Tunaiheshimu rai hiyo. Hata hivyo, Bi. Aisha (r.a.) aliolewa na Mtume (s.a.w.) akabaki binti Abubakar, na Bi. Hafsa (r.a.) akabaki binti Umar. Hapakuwa na mume mwenye heshima kuliko huyo. Na kwetu, Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2000, aliolewa zaidi ya mara moja, lakini barabara ya jijini imeandikwa jina la baba yake. Samia Suluhu Hassan, aliyeapishwa kuwa Rais Machi 2021, ni mke wa mtu, na majina aliyoapia ni ya kwao. Hatusemi haya kwa ajili ya siasa. Tunasema ili asitokee mtu akadai kuwa binti kubaki na jina la baba yake ni ushamba.

Basi tufanyeje? Wazazi washauriane kabla mtoto hajazaliwa. Imamu Ibn al-Qayyim ameeleza kuwa wakihitilafiana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Lakini haki hiyo si fimbo. Qur'ani imetaja mashauriano na ridhaa ya wazazi wawili hata katika kumwachisha mtoto ziwa. Vipi jina atakaloitwa maisha yake yote, na ataloitwa Siku ya Kiyama? Lichaguliwe moja. Bibi ambaye jina lake halikuandikwa, mtoto na aitwe kwalo nyumbani, au angoje mjukuu ajaye. Baba mwenye hekima atakwenda mwenyewe kwa mama mkwe wake kumwomba radhi, wala hatamtuma mtu.

Kisha litangulie jina la mtoto, lifuate la baba, limalizie la babu, kwa herufi zile zile katika tangazo la kizazi, cheti, kadi ya kliniki na daftari la madrasa. Usajili ufanywe ndani ya siku 90 kama sheria inavyotaka, na kabla ya kutia saini, baba na mama wasome pamoja kilichoandikwa.

Mabibi zetu tunawapenda, na njia ya kuwaenzi ni kuwaombea dua na kuwalea vyema wajukuu zao. Mtoto huyu mchanga hawezi kujitetea. Haki yake ya kwanza kwetu ni jina jema, na ya pili ni kujulikana ni binti wa nani.

Wabillahi tawfiq.