Mali bila daftari: nani ataandika kandanda ya Eastlands?

Msimu wa ligi ya mtaani haumaliziki kwa kipenga cha mwisho. Humalizika siku nyingi baadaye, mashabiki wanapochoka kubishana. Ubishi huo huendelea kwenye vibanda vya chai, kwa kinyozi, kwenye steji za matatu na katika viti vya nyuma vya darasa. Nani alistahili ubingwa? Bao lile lilikuwa la kuotea au halikuwa? Mbona refa alitoa penalti dakika za lala salama? Hapa Eastlands, kuanzia Ziwani na Kaloleni hadi Maringo, Jericho na Mbotela, mjadala huo ni sehemu ya mchezo kama ulivyo mpira wenyewe.

Mimi ni mmoja wa wanaoupenda mjadala huu, na siandiki makala haya kuubeza. Kijana anayetetea timu yake mbele ya umati wa wapinzani anajifunza kupanga hoja, kusikiliza na kujibu. Si ajabu kwamba mitaa hii ina desturi ndefu ya mabishano ya hadhara. Ukumbi wa Kaloleni, katika mtaa uliojengwa miaka ya 1940, ulipata kubandikwa jina la Bunge na wakazi kwa sababu ya mikutano ya siasa na ya wafanyakazi iliyofanyika humo. Watu wa huku hawajawahi kukosa la kusema.

Tunachokosa ni daftari. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kandanda ya mitaa yetu ni mali inayopotea hivyo kila mwaka. Hoja yangu kwa walimu na wanafunzi ni moja tu: tuanze kuandika.

Tuchukue mfano wa mashindano ya Koth Biro, yanayochezwa katika uwanja wa Umeme, Ziwani, katika miezi ya mwisho ya mwaka. Jina hilo kwa Kijaluo lina maana ya kwamba mvua yaja. Mashindano hayo yalianza mwishoni mwa miaka ya 1970, na kwa hivyo yamekwisha kuona vizazi viwili au zaidi vya wachezaji. Mamia ya vijana wamepita katika uwanja ule wa vumbi, baadhi yao wakaendelea hadi klabu kubwa na hata timu ya taifa. Lakini jaribu kuanzisha mjadala kuhusu fainali fulani ya miaka ya 1980, usikie. Mmoja atasema mabao yalikuwa mawili, mwingine matatu. Mmoja atamtaja mfungaji, mwingine atamkana.

Kisha mjadala utamalizwa kwa njia tunayoifahamu sote. "Wewe kijana, wakati huo ulikuwa hujazaliwa," mzee atasema. "Mzee, nakuheshimu, lakini kaka yangu alikuwa langoni siku hiyo," kijana atajibu. Hapo hakuna tena la kusemwa, kwa sababu hakuna mahali pa kwenda kutazama. Atakayeshinda ni mwenye umri mkubwa zaidi au mwenye sauti nene zaidi. Ukweli wa mechi hauna nafasi ya kusema neno.

Linganisha na mjadala mwingine ambao mashabiki wa Eastlands, hasa wale wa Arsenal, huupenda sana. Tarehe 26 Mei 1989, Arsenal iliifunga Liverpool mabao 2-0 huko Anfield katika mechi ya mwisho ya msimu. Timu hizo zilimaliza zikiwa na alama 76 kila moja. Tofauti ya mabao nayo ilikuwa sawa, 37 kwa 37. Ubingwa ukaamuliwa kwa idadi ya mabao yaliyofungwa: Arsenal 73, Liverpool 65. Mtu aweza kulia au kucheka juu ya matokeo hayo, lakini hawezi kuyakana, maana kila bao la mechi 38 lilikuwa limeandikwa.

Mwalimu wa hisabati ana mfano mtamu zaidi. Mwaka wa 1924, Huddersfield Town na Cardiff City zilimaliza ligi ya Uingereza zikiwa na alama 57 kila moja. Huddersfield ilikuwa imefunga mabao 60 na kufungwa 33. Cardiff ilikuwa imefunga 61 na kufungwa 34. Kanuni ya wakati huo ilikuwa kugawanya mabao ya kufunga kwa mabao ya kufungwa. Huddersfield ikapata 1.818, Cardiff ikapata 1.794, na kombe likaenda Huddersfield. Lau kanuni ingekuwa ile iliyotumika mwaka wa 1989, timu hizo zingelingana kwa tofauti ya mabao 27, na Cardiff ingetwaa ubingwa kwa kufunga bao moja zaidi. Mwanafunzi anayedai kwamba ugawanyaji hauna faida maishani na apewe hesabu hii. Kisha apewe jedwali la ligi ya mtaa wake mwenyewe, kama lipo, aifanye tena.

Kama lipo. Hapo ndipo penye shida yetu. Victor Wanyama alikulia Muthurwa na kusoma Kamukunji High School. Bao alilofunga kwa kichwa akiichezea Celtic dhidi ya Barcelona tarehe 7 Novemba 2012, dakika ya 21, lajulikana na dunia nzima. Ndugu yake, McDonald Mariga, alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa kombe la mabingwa wa Ulaya mwaka wa 2010. Mambo hayo yameandikwa na hayatapotea. Lakini mechi za utotoni zilizowajenga ndugu hao hukaa katika vinywa vya waliokuwapo, na vinywa hivyo vinapungua mwaka hadi mwaka.

Joe Kadenge naye anatufundisha jambo. Vijana wasiowahi kumwona akicheza wanalijua jina lake kwa sababu msemo wa "Kadenge na mpira" ulienezwa redioni na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela. Kadenge alipofariki mwaka wa 2019, uwanja wa City, ulio kando ya barabara ya Jogoo, ulipewa jina lake. Walikuwapo wachezaji wengine hodari ambao hawakupata mtangazaji. Na wanaosahauliwa kwanza ni wasichana, kwa kuwa mechi zao hupewa saa za jua kali na watazamaji wachache.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya kujifurahisha, na kwamba mtaa una shida kubwa kuliko hesabu ya mabao. Nawajibu kwamba daftari laweza kulinda kitu kikubwa kuliko mabao, nacho ni uwanja.

Jiji hili linajua maana ya unyakuzi wa ardhi. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini. Januari 2015, wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walipoandamana kuutetea uwanja wao wa michezo uliokuwa umezungushiwa ukuta, walirushiwa gesi ya kutoa machozi. Uwanja ule ulirudishwa, lakini watoto walilipa kwa macho yao. Mnyakuzi hupenda kuiita ardhi anayoitamani kuwa ni nafasi tupu isiyo na kazi. Daftari lenye tarehe, timu na majina ya mechi za miaka 30 mfululizo halina nguvu ya hatimiliki, lakini ni ushahidi kwamba mahali hapo hapajawahi kuwa tupu hata msimu mmoja. Kelele za mashabiki, hata ziwe nyingi vipi, haziwezi kufungwa kwenye faili na kuwekwa mbele ya hakimu.

Fauka ya hayo, mitaa yenyewe inabadilika. Nyumba kongwe za Pangani zilibomolewa na maghorofa yakasimama mahali pake, na mitaa mingine ya kale ya Eastlands imo katika mipango ya kujengwa upya. Sisemi kwamba watu wasipate nyumba bora. Nasema kwamba wakazi wanapotawanyika, mmoja akaenda Kayole, mwingine Ruai, mwingine akarudi kijijini, kumbukumbu ya mtaa hutawanyika pamoja nao. Baraza lililokuwa likibishana juu ya fainali fulani halipo tena, na hakuna wa kumwuliza.

Haya si mambo yasiyowezekana. Mathare tuna mfano ulio karibu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianzishwa mwaka wa 1987, na tangu zamani kilifungamanisha kandanda na usafi: timu iliyozoa taka na kuzibua mitaro mtaani hupewa alama zinazoingia katika jedwali la ligi. Fikiri juu ya jambo hilo. Alama za aina hiyo haziwezi kutolewa bila mtu wa kuandika nani alifika, siku gani, na kazi gani ilifanyika. Chama hicho pia huwasaidia vijana wanaojitolea kulipiwa karo, na msaada huo hutegemea rekodi ya kazi ya kila mmoja. Katika mazingira hayo ilizaliwa Mathare United, iliyotwaa kombe la taifa mwaka wa 1998 na wa 2000, kisha ubingwa wa ligi kuu mwaka wa 2008. Sidai kwamba daftari ndilo lililofunga mabao. Nadai kwamba penye utaratibu wa kuandika, juhudi ya mtoto maskini haipotei hewani.

Najua jibu la vijana: siku hizi kila mechi imo kwenye simu. Ni kweli kwamba simu nyingi huinuliwa bao linapofungwa. Lakini picha isiyo na tarehe, isiyo na jina la timu wala la mfungaji, baada ya miaka mitano ni picha ya watu wanaokimbia tu. Tena simu huibwa, huanguka majini, huuzwa. Daftari lililo katika maktaba ya shule halihitaji chaji.

Najua pia jibu la wazee: masimulizi ni desturi yetu, na maandishi yataua utamu wa baraza. Sioni hivyo. Masimulizi yaache yaendelee, maana daftari halitaji jinsi umati ulivyonyamaza kabla ya penalti. Hiyo ni kazi ya mzee. Daftari litampa tu mahali pa kusimama asimulie, na litampa kijana haki ya kuuliza kwa adabu, "Mzee, twende tukatazame." Mabishano hayatakwisha. Arsenal na Liverpool bado wanabishana kuhusu mwaka wa 1989, ingawa hesabu yote inajulikana.

Basi nini kifanywe? Kila shule iliyo karibu na uwanja ichague ligi moja, si zaidi. Wanafunzi wawili wapewe zamu kila mechi. Waandike tarehe, uwanja, timu, majina ya wachezaji, wafungaji na dakika za mabao, kadi zilizotolewa na matokeo. Refa na manahodha watie sahihi mwishoni. Sahihi hizo zitapunguza hata kilio cha mamluki, kwani orodha ya wachezaji itakuwa wazi kwa wote. Nakala moja ikae shuleni, nyingine kwa viongozi wa ligi. Msimu ukiisha, jedwali kamili libandikwe ukutani mahali ambapo mashabiki watalisoma.

Kazi hii haimzidishii mwalimu mzigo kama inavyodhaniwa. Mwalimu wa Kiswahili atapata insha za ripoti zenye mada ambayo wanafunzi wanaijua kwa undani. Mwalimu wa hisabati atapata takwimu halisi. Mwalimu wa historia aweza kuwatuma wanafunzi likizoni wawahoji wachezaji wa zamani, waandike walichoambiwa na kutaja aliyekisema, na pale masimulizi mawili yanapopingana wayaandike yote mawili. Mtaala wa umilisi nao umeweka mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari pevu, na itakuwa aibu mwanafunzi asome habari za viwanja vya mbali ilhali uwanja ulio nyuma ya shule hauna hata ukurasa mmoja.

Faida iliyo kubwa kwangu ni tabia atakayobaki nayo mwanafunzi huyo. Kijana aliyezoea tangu utotoni kuona ubishi ukimalizwa kwa sauti atakwenda na desturi hiyo kazini, katika chama cha akiba na kwenye mikutano ya siasa. Aliyezoea kuuliza "imeandikwa wapi?" hadanganyiki kwa urahisi.

Msimu mwingine utaanza karibuni. Mechi ya kwanza itachezwa Jumamosi au Jumapili fulani, vumbi litatimka, na mtu atafunga bao ambalo mashabiki watalizungumzia kwa wiki nzima. Mwalimu, tuma wanafunzi wawili na daftari moja.