Kubanana na Kusongamana

Juma hili tumeletewa daftari la insha na mama mmoja. Bintiye alieleza harusi ya shangaziye, akaandika kwamba wanawake "walibanana" jamvini. Mwalimu akalikata neno kwa wino mwekundu, akaweka "walisongamana". Mtoto amelia, na tangu hapo hataki kuandika insha nyingine. Mama ataka kujua ni nani aliyekosea.

Tuanze jikoni. Sima husongwa: mwiko huukandamiza unga ubavuni mwa sufuria hata usibaki mwanya. Nywele nazo husongwa. Kusonga, basi, ni kubana kwa nguvu. Likitiwa -mana, kama katika kushikamana na kufungamana, kitendo hugeuka hali: kila mmoja amsukuma mwenziwe naye asukumwa, wala hapana awezaye kujitoa kwa hiari yake. Mama avukaye Likoni jioni, mtoto mkononi na kikapu begani, amelijua neno hili mwilini kabla ya kulikuta kamusini. Feri iliyozama Mtongwe tarehe 29 Aprili 1994 ilikuwa imepakia watu kupita kiasi, wakafa 272. Kusema kwamba "ilijaa" hakutoshi. Mtungi nao hujaa, wala hauumii.

Zahama lina asili ya Kiarabu, na huko zahma ni msongamano tu. Sisi tumelisogeza mbele, likawa vurugu na balaa.

Kubanana kuna ladha nyingine. Mgeni aingiapo barazani huambiwa, "Karibu, tubanane," na kila aliyeketi akavuta nguo yake. Ni adabu ile ile ya kupeana nafasi vikaoni iliyoamrishwa katika Surat Al-Mujadila, aya ya 11. Wako wasemao kubanana hata penye dhiki, nasi hatuwakatazi. Lakini palipo na ridhaa, kusongamana hakuingii.

Tulimwita mtoto, tukamwuliza: "Mwanangu, ulipofika jamvini ulipataje pa kukaa?"

Akajibu kwa sauti ndogo, "Bibi alisogea, akanipakata. Na yule wa pembeni naye akasogea."

"Basi walibanana. Hukukosea."

Tumemwandikia mwalimu kikaratasi, kwa heshima zote, maana kazi ya kusahihisha madaftari twaijua uzito wake. Mama atakipeleka Jumatatu, inshallah.