Ubinafsishaji na Mbuzi Kwenye Gunia



Majuzi tulikutana hapa Reading kwenye arobaini ya mama wa mwenzetu mmoja. Baada ya pilau, mazungumzo yakarudi nyumbani, kama kawaida yetu. Kijana mmoja anayesomea uhasibu akasema kwa sauti: "Serikali haijui biashara. Iuze vyote, tupumue!" Mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi reli enzi za Mwalimu, akamjibu kwamba waliouza ndio walioimaliza nchi, na vyote virudishwe. Nusura sahani ziruke. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Leo nasema: wote wawili wamekosea.

Nianze na wewe, mzee wangu, shikamoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tanzania ilikuwa na mashirika ya umma yapatayo 400, na mengi yalikuwa maiti zinazolipwa mshahara. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha, ilikuwa ikiyakopesha mashirika yasiyolipa, na hasara ikabebwa na Hazina, yaani na mkulima. Mwaka 1997 benki hiyo ikagawanywa. Mwaka 2000 NBC mpya ikaenda kwa Absa ya Afrika Kusini. Mwaka 2005 asilimia 49 ya NMB ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Rabobank ya Uholanzi, na serikali ikabaki na hisa zake. Leo NMB inaipelekea Hazina gawio la mabilioni ya shilingi. Huo nao ni wizi?

Sasa wewe kijana. Unasema uza vyote, tena haraka. Urusi walifanya hivyo hivyo. Mwaka 1992 kila raia alipewa vocha ya rubo 10,000, akaambiwa amekuwa mwenye mali. Mfumuko wa bei ukaila vocha, na wengi wakaiuza kwa bei ya chakula. Mwaka 1995 ikaja zamu ya mali nono. Asilimia 38 ya Norilsk Nickel, jabali la madini ya nikeli, ilikwenda kwa dola milioni 170 na ushee, kwenye mnada ulioendeshwa na benki ya mnunuzi mwenyewe! Aliyetaja bei kubwa zaidi akaenguliwa. Poland, waliotoka kwenye ukomunisti ule ule, waliyauza makampuni yao makubwa polepole. Kwanza waliyabana yajiendeshe bila kubebwa na serikali, wakaruhusu biashara ndogo ndogo zichipue. Ilipofika mwaka 1996 uchumi wa Poland ulikuwa umeshapita ulipokuwa mwaka 1989. Urusi walisubiri miaka kumi zaidi.

Turudi kwetu. Kwa nini benki zilipona? Kwa sababu mteja akichukizwa na NMB anavuka barabara anaingia CRDB, na Benki Kuu inawaangalia wote wawili. Lakini bomba la maji ni moja. Ukichukizwa nalo unavuka barabara kwenda wapi? Kwa muuza madumu!

Mwaka 2003 maji ya Dar es Salaam yalikabidhiwa City Water, kampuni iliyoongozwa na Biwater ya hapa hapa Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani. Zabuni ilikuwa na mwombaji mmoja tu. Fedha za kukarabati mabomba zilitoka kwenye mikopo ya Benki ya Dunia na wenzake, mikopo ya kulipwa na Watanzania. Msaada wa Uingereza nao ukawalipa washauri wa Kiingereza, na miongoni mwa kazi zao ulikuwamo wimbo wa kuwasifia wananchi ubinafsishaji. Wimbo tukaupata, maji hatukuyaona. Mei 2005, kabla hata ya miaka miwili kutimia, serikali ikauvunja mkataba uliokuwa wa miaka 10. Kesi zikafuata. Mwaka 2008 jopo la usuluhishi la ICSID likasema serikali ilikosea namna ya kumtimua mwekezaji, lakini halikumpa fidia hata senti.

Shirika la ndege nalo lilifunga ndoa na South African Airways mwaka 2002. Ikavunjika mwaka 2006. Reli ya Kati ilikwenda kwa RITES ya India mwaka 2007 kwa mkataba wa miaka 25. Mwaka 2011 ikarudi serikalini. Ona mtindo: faida ikipatikana ni ya mwekezaji, hasara ikipatikana ni ya mlalahoi.

Kwa hiyo kabla ya kugombana tuuze au tusiuze, tuulize matatu. Mnunuzi analeta fedha zake, au anakuja kutumia mkopo wetu? Akiboronga, nani ana meno ya kumbana? Na mkataba, nani ameusoma kabla haujasainiwa?

Hili la tatu ndilo linaloniuma. Mwaka 2023, suala la DP World na bandari ya Dar es Salaam lilipozuka, tulirushiana maneno kuanzia Muscat hadi Minnesota: huyu mzalendo, yule msaliti. Bunge liliridhia makubaliano na Dubai mwezi Juni, na Oktoba ikasainiwa mikataba ya kuendesha sehemu ya bandari kwa miaka 30. Mtoto aliyezaliwa siku ile atakuwa mtu mzima mwenye watoto wake siku mkataba utakapokwisha. Pengine ni mkataba mzuri. Lakini mwenye mali hapaswi kuambiwa "pengine".

Sisi tulio ughaibuni tunasoma mikataba kila siku: ya nyumba, ya simu, ya kazi. Hatusaini tusichokisoma. Basi tuwadai waheshimiwa jambo moja tu, awe mgeni au mzawa anayepewa: mkataba wa mali ya umma uwekwe mezani, kwa Kiswahili, kabla ya kalamu kugusa karatasi. Mbuzi atolewe kwenye gunia, tumwone meno.

Kijana na mzee wakikubali hilo, arobaini ijayo tutakula pilau kwa amani.