Risala ya Watazamaji wa Tamthilia za Upelelezi kwa Mkurugenzi wa Vipindi

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Waheshimiwa Wajumbe wa Bodi,



Sisi ni watazamaji wenu wa Ng'ambo, Unguja, tunaokusanyika kila Ijumaa baada ya Isha mbele ya televisheni moja ya barazani. Tunashukuru kuletewa Poirot na Miss Marple wa Agatha Christie, tena kwa Kiswahili. Mengi tumeyastahimili. Sasa tunayafikisha kwako, kwani uwezo wa kuyarekebisha unao.

1. Mheshimiwa, mmetuanzia mwishoni. Poirot wa David Suchet alirushwa Uingereza tangu 1989 hadi 2013, sehemu 70, na katika ile ya mwisho, Curtain, mpelelezi mwenyewe anafariki. Ninyi mkaionyesha wiki ya tatu. Wiki ya nne marehemu akashuka kwenye treni, masharubu yamepakwa nta, na watoto wakatuuliza amefufuka vipi. Tunaomba sehemu zifuatane kama zilivyotengenezwa.

2. Katika hadithi hizi dakika kumi za mwisho ndizo kitoweo. Yaliyotangulia ni wali mkavu. Poirot huwaita watuhumiwa wote ukumbini, akawageukia mmoja mmoja, na kila anayegeukiwa jasho linamtoka. Hapo ndipo mnapoweka tangazo la sabuni. Likiisha, mtu keshatiwa pingu. Mwezi uliopita tulibishana hadi saa sita usiku aliyekamatwa ni mpishi au ni mpwa wa marehemu, maana wote walivaa nyeusi na tulimwona kisogo tu. Tunaomba matangazo yamalizike kabla watuhumiwa hawajaketi.

3. Mtafsiri wenu ana sauti nzuri, hatumnyimi haki yake, ila siri haimkai. Muuaji akiingia tu na sinia la chai, yeye husema, "Huyu mtazameni vizuri." Tunaomba aelekezwe kutafsiri yaliyosemwa, basi.

4. Hili ndilo lililotuuma zaidi. Mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, aliisoma The Body in the Library, riwaya ya 1942, tangu ujana wake. Aliwaahidi wajukuu kuwanunulia chipsi iwapo angekosea jina la muuaji. Mkaonyesha toleo la 2004, ambalo jibu lake lilibadilishwa. Mzee alinunua chipsi, na hadi leo wajukuu humuuliza kwa upole kama njia ya nyumbani anaikumbuka. Tunajua aliyebadilisha si ninyi. Lakini lipo toleo la BBC la 1984, Joan Hickson akiwa Miss Marple, lililokishika kitabu. Tunaomba mnunue hilo, au mtangaze mapema kuwa mwisho umeguswa.

5. Mwisho, tunaye wetu. Mohamed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka 1960. Mpelelezi wake, Bwana Msa, pamoja na rafiki yake Najum, hatujapata kumwona katika kituo chenu hata siku moja. Tunaomba aigizwe, na muuaji abaki yule yule wa kitabuni. Kiko cha tumbaku cha Bwana Msa kisiwatie gharama: yupo mzee hapa barazani anacho, kimepasuka kidogo tu, na amekubali kukiazima.

Tunaomba kuwasilisha.