Asante ya vuli na asante ya butura



Kila ifikapo Oktoba simu yangu hujaa picha za majani ya njano na mekundu, maboga makubwa kama ngoma, na maneno matamu ya kumshukuru Mungu. Ndugu zetu walio Marekani, Kanada na Uingereza wanazituma, na sisi wa huku tunazisambaza kana kwamba nje ya dirisha letu nako majani yanapukutika. Siku hizi kuna hata mtindo wa siku 30 za shukrani: kila siku ya Novemba unaandika jambo moja unalomshukuru Mungu na kuwatumia marafiki.

Sina ugomvi na mtindo huo. Mkristo anayeshukuru kila siku ni afadhali kuliko yule anayeziweka shukrani zote hadi ibada ya mkesha wa mwaka mpya. Ila nina swali, na naomba tulijadili kwa utulivu. Hiyo shukrani ya kila siku ina sura gani kwetu Mabira, ambako Novemba hakuna jani linalopukutika wala mavuno ya kupiga picha?

Kwa msiopajua, Mabira ni kata ya wilaya ya Kyerwa, mkoa wa Kagera, jirani na Uganda na Rwanda. Wilaya yenyewe ilizaliwa mwaka 2012 ilipomegwa kutoka Karagwe, na wazee wengi bado wakiulizwa kwao wanajibu Karagwe. Ni nchi ya migomba, maharage na kahawa.

Tuanze na neno vuli. Katika vitabu vya shule neno hili hutumika kutaja majira ya Ulaya yaliyo kati ya kiangazi na baridi, wakati ghala limejaa na mkulima anakunja mikono. Ndiyo maana sikukuu zao za shukrani zimeangukia hapo. Wajerumani hufanya ibada ya mavuno mwanzoni mwa Oktoba. Kanada hushukuru Jumatatu ya pili ya Oktoba. Marekani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, kwa sheria ya mwaka 1941, ingawa Rais Lincoln alikuwa ameshaitangaza siku ya kitaifa ya shukrani mwaka 1863, nchi ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Vuli yetu ni mvua. Ni jembe na matope. Maharage yaliyobaki ghalani yanaingia ardhini kama mbegu, na hela ya kahawa iliyouzwa tangu katikati ya mwaka imeshapita mikononi. Mibuni inatoa maua meupe yenye harufu nzuri kuliko manukato ya dukani, lakini ua halilipi ada. Kwa hiyo Mkristo wa Mabira anayetaka kushukuru mwezi Novemba anashukuru akiwa na mbegu mkononi. Anashukuru kabla. Hiyo kwangu ni shukrani ngumu zaidi kuliko ya mwenye ghala, na inastahili heshima.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu. Kwa sababu shukrani yetu inaangukia wakati wa shida, ni rahisi sana mtu kuitumia dhidi yetu.

Watu wa Kagera wanaijua butura. Kwa ambao hawaijui: ni kuuza kahawa ikiwa bado ua au changa mtini. Mkulima ana shida ya haraka. Mtoto ameugua, kuna msiba, au Januari inakuja na sare na madaftari vinahitajika. Anakwenda kwa mwenye fedha, anapewa kiasi leo, na kahawa ikiiva ni mali ya yule mwenye fedha. Tuseme kilo ya maganda itauzwa shilingi 3,000 msimu ukifika, na yeye anapewa 1,000 leo. Kwa kilo 100 amepata 100,000 na ameacha 200,000 juu ya mti. Hesabu hiyo ni ya mfano tu, lakini mwenendo wenyewe si wa kubuni. Serikali imeipiga marufuku mara nyingi, na bado ipo, kwa sababu shida haisubiri msimu.

Mnajua kinachoniuma zaidi ni nini? Ni asante. Mkulima akishahesabiwa noti zake hushika mkono wa mnunuzi kwa mikono yake miwili na kusema asante sana, Mungu akubariki. Na mnunuzi, ambaye mara nyingine Jumapili anakaa benchi la mbele, anaitikia amina. Akitokea kijana kama mimi akauliza hiyo bei vipi, anajibiwa na watu wazima: nyamaza wewe, mshukuru Mungu kwamba amepata.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Asante limetoka katika Kiarabu, ahsanta, maana yake umefanya vyema. Jirani zetu Waganda wanapomkuta mtu kazini humsalimu gyebaleko, yaani ahsante kwa kazi. Sisi kwa Kiswahili humwambia pole na kazi. Maneno haya yote yanamtazama mtu na alichokifanya. Asante ni ushahidi unaomtolea mtu kwamba amefanya jambo jema. Basi kumwambia mnunuzi wa butura asante ni kumtolea ushahidi wa uongo, japo mwenye shida simlaumu hata kidogo, maana anasema akiwa na mtoto mgonjwa mgongoni. Ninaowalaumu ni sisi tuliosimama pembeni, tuliosoma, tunaoufanya uongo huo uwe fundisho la dini.

Najua mtanipiga na Waraka wa Kwanza kwa Wathesalonike, sura ya 5, ambako Paulo anaagiza shukrani isiyobagua hali. Vizuri, twende huko huko. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, imetumia pale neno "kwa". Ukilisoma haraka unaweza kudhani tumeagizwa kushukuru kwa sababu ya kila kitu, hata dhuluma. Neno la Kigiriki aliloandika Paulo ni "en", yaani katika. Mshukuru Mungu ukiwa ndani ya hali yoyote. Kushukuru ukiwa katika njaa ni jambo moja, kuishukuru njaa ni jingine.

Na Paulo aliishi alichokiandika. Someni Matendo ya Mitume sura ya 16. Kule Filipi alichapwa viboko na Sila bila kesi, wakafungwa miguu kwenye mkatale, na usiku wa manane wakawa wanaomba na kumwimbia Mungu. Hapo wahubiri wetu wengi huishia, na sadaka inapita. Lakini asubuhi wakubwa wa mji walituma watu waseme hao jamaa waachiwe, waende zao kimya kimya. Paulo akakataa. Akasema wao ni raia wa Roma, wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, hivyo wakubwa hao waje wenyewe kuwatoa. Wakaja, wakabembeleza. Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi, na hakuona mgongano wowote kati ya mambo hayo mawili.

Hili si la wakulima peke yao. Ninyi wasomaji wangu wa Dar, Mwanza na Arusha mnalijua kwa sura nyingine. Katika kazi yetu ya habari, waandishi wengi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyochapishwa, na malipo yakichelewa miezi mitatu jibu ni hilo hilo: shukuru una pa kuandika, wenzako wanazunguka na bahasha za kaki. Nimeambiwa hivyo, na marafiki zangu wa benki, wa shule binafsi na wa maduka ya simu wameambiwa hivyo. Anayesema mara nyingi ni mtu wa sala. Jamani, yule anayekudai shukrani kwa haki yako anakukopesha mali yako mwenyewe. Waraka wa Yakobo, sura ya 5, unasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zinamfikia Bwana. Sijaona mahali ambapo wavunaji wale wanakemewa kwa kukosa shukrani.

Kuna hoja ya upande wa pili na ni nzito, siwezi kuipita. Rafiki yangu mmoja, mkristo safi, aliniambia: ukianza kupima nani anastahili asante, utaishia kuwa mtu wa uchungu, hesabu kila saa, na moyo usioshukuru hukausha mema yote. Bibi zetu wangepima hivyo tusingekuwepo.

Ni kweli. Na bibi zetu ndio mfano wangu mkubwa. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kutambuliwa Tanzania walitambuliwa hapa kwetu Kagera, mwaka 1983. Miaka iliyofuata nyumba nyingi zilibaki na mzee na wajukuu, baba na mama wamelala nyuma ya migomba. Wale mabibi walilima, walipika, walipeleka watoto shule, na jioni walimshukuru Mungu kwa sauti. Imani yao siichezei. Lakini niulize: ni wangapi kati yao waliopata kuambiwa asante na mtu yeyote, kwa jina, wakiwa hai? Tumewasifu sana misibani. Tulijifunza kwao kumshukuru Mungu, tukasahau kwamba wao ndio walikuwa jibu la maombi yetu.

Kwa hiyo simwambii mtu apunguze asante. Nasema ziongezeke, zielekezwe panapostahili. Yule mkoma mmoja kati ya kumi, katika Luka sura ya 17, alirudi njia nzima hadi kwa aliyemponya. Wale tisa huenda nao walishukuru moyoni huko walikokwenda. Hatujaambiwa. Tunachojua ni kwamba hawakurudi.

Na kama mnadhani shukrani ya kweli haitaji machungu, fungueni Kumbukumbu la Torati sura ya 26. Mwisraeli anapoleta kikapu cha malimbuko anaagizwa aseme maneno mbele ya kuhani, na ndani ya maneno hayo anataja jinsi Wamisri walivyowatesa na kuwatwika kazi ngumu. Anayasema hayo katika sala ile ile ya shukrani, kikapu kikiwa mbele ya madhabahu. Kisha anaagizwa afurahi pamoja na Mlawi na mgeni, maana yake kikapu hakiishii kwake. Ingekuwa makanisani kwetu leo, mzee wa kanisa angemvuta koti: kaka, leo ni siku ya shukrani, hayo ya Misri tuyaache.

Basi tufanye nini, hasa vuli hii? Nina mambo matatu, madogo, ya kila siku.

Kwanza, asante iwe na jina na tendo. Badala ya kuandika simuni kwamba unashukuru kwa chakula, mwambie aliyepika. Mwambie aliyebeba ndoo ya maji kupanda kilima, ambaye kwetu ni karibu kila mara mama au binti. Kwenye ibada ya mavuno tunatangaza kwa kipaza sauti aliyenunua mkungu wa ndizi kwa bei kubwa mnadani. Siku moja tumtangaze na aliyeupalilia.

Pili, asante ilipe. Sura ya 24 ya Kumbukumbu la Torati inataka kibarua apewe ujira wake kabla jua halijatua. Kama una dada wa kazi, fundi au kibarua wa shamba, malipo yake ya leo ni shukrani kubwa kuliko ujumbe wenye picha ya boga.

Tatu, na hili ndilo nalileta mezani kwa wakristo wenzangu wa Kyerwa na Karagwe. Sadaka ya mavuno tunaikusanya na tunaimba. Sehemu yake iwekwe kando hadi Novemba, ikopeshwe kwa mwenye shida wakati wa maua ya kahawa, arudishe msimu ukifika, bila faida na bila kuweka mibuni yake rehani. Vikundi vya kuweka na kukopa vimeshatufundisha namna ya kuandika daftari na kufuatana. Hata wenyeji wa Mabira tulio mijini tunaweza kuchangia mfuko huo badala ya kusubiri kuchangia harusi. Najua pana hatari ya watu kutorudisha. Hatari hiyo ipo pia kwa mwenye butura, na yeye hajaacha biashara.

Siku ambayo mama mmoja wa Mabira atapeleka mtoto hospitali mwezi Novemba na kahawa yake ikabaki yake, hapo akisema asante, neno hilo litakuwa na maana yake ya asili: mmefanya vyema.

Nawasilisha.